Kikohozi cha Upande wa Pili

Mdogo wangu Godlisten anavunja nyumba ya wazazi wetu. Ana haki, nyumba ni yake. Kwetu Machame mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba, na yenyewe ilikuwa imeshaanza kuliwa na mchwa. Wiki iliyopita alinipigia simu nikiwa kazini. "Dada, njoo uangalie kama kuna kitu chako kabla mafundi hawajapanda juu ya paa." Nikaenda. Darini, pale mama alipokuwa akiivishia ndizi, palikuwa pananuka vilevile: moshi, maganda makavu, mikojo ya panya. Nyuma ya debe bovu nikakuta radio kaseti ya baba imefungwa kwenye gunia la kahawa. Kabla sijalifungua gunia nilishajua ndani ya ile radio kuna nini. Kimlango cha kaseti kimeshika kutu, hakifunguki, lakini ukipangusa kile kidirisha cha plastiki unaiona kanda imekaa humo, utepe wote umelala upande mmoja. Nikakaa kwenye boriti nikalia kwa sauti. Godlisten kule chini akaita, "Dada, umeumwa na nyigu?"

Yeye hakumbuki kitu. Wakati huo alikuwa anatambaa na kula udongo.

Nyie wa rika langu mnaijua kanda ilikuwa nini. Mnajua kurudisha utepe kwa kalamu ya biki ili betri zisiishe, mnajua kuanika betri juani zipate nguvu za kuzugia siku mbili tatu, mnajua roho inavyoruka radio ikianza kutafuna utepe. Kwetu radio ilikuwa ya baba na ilikuwa na sheria zake. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache na koti moja. Radio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, kwa kwaya Jumapili asubuhi, na kwa matangazo ya vifo. Matangazo ya vifo ndiyo yalikuwa ibada hasa. Tulinyamaza wote, hata ng'ombe ungedhani amenyamaza, na baba alisikiliza jina, ukoo, halafu mahali pa mazishi. Akisikia mtu anazikwa nyumbani kwake, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akisikia anazikwa makaburi ya mjini, alisema taratibu, "Maskini. Hana kwao." Niliyasikia maneno hayo mara nyingi mpaka nikaamini hakuna jambo baya duniani kama hilo. Kufa kulikuwa kawaida. Kuzikwa mjini ndiko kulikuwa msiba.

Kaka yangu Eliamani, tuliyemwita Mani, alikuwa mtoto wa kiume wa katikati. Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo. Kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa ambalo ukoo unaishi na kuzikana humo, hakigawanywi kwa kila mtu, maana kingekuwa leso. Wa kwanza hukatiwa sehemu yake, wa mwisho hubaki na nyumba, wa katikati hujitafutia. Sisi wasichana hata hatukuwa kwenye mazungumzo, na hiyo ni kesi nyingine kabisa. Kwa hiyo Aminieli, wa kwanza, alikuwa na pake tangu siku aliyozaliwa. Godlisten naye alipozaliwa, baada ya wazazi kudhani wamemaliza, akawa na pake papo hapo, mchanga hata meno hana. Mani alimaliza shule akaambiwa kuna shamba la chini Kahe, akalime mahindi kule kuna maji ya mfereji. Nakumbuka alivyojibu, anacheka cheka. "Kahe tunalima, baba. Hatuzikani." Baba akajifanya hakusikia.

Hakwenda Kahe. Akawa mpagazi wa mlimani, akipanda na mizigo ya wageni kichwani, akishuka amekonda, ananuka mafuta ya taa. Chumba alipanga Soweto, mjini Moshi, lakini baina ya safari na safari alikuwa anarudi nyumbani kumkatia mama majani ya ng'ombe. Safari moja alishuka na kanda ndani ya soksi. Kijana wa kizungu alikuwa ameumwa kichwa vibaya huko juu, Mani akambebea mpaka kibegi chake cha mgongoni akateremka nacho hadi geti la kuingilia mlimani, na walipoagana yule kijana akamwachia kanda aliyokuwa akiisikiliza kwenye hema. Jaladani kulikuwa na picha nyeusi na nyeupe iliyofifia, vijana wanne wembamba wamekaa kwenye ngazi, wote wana uso wa mtu aliyenyimwa chai.

Jumamosi mama alikuwa anashuka kuuza ndizi sokoni na kuniacha na Mani huko Njoro, mjini hapo hapo, kwenye gereji ya baba yake Jit. Jit alikuwa Kalasinga, mrefu, kilemba cha bluu chenye madoa ya grisi, rafiki wa Mani tangu shule. Alikuwa na gitaa la umeme lililoletwa na mjomba wake na spika waliyoiunganisha na betri ya gari. Siku hiyo aliishika kanda, akasogea mlangoni kwenye mwanga, akaanza kusoma yale maandishi ya sisimizi.

"Inasemaje?" Mani akauliza.

"Wanasema hizi si zile nyimbo zao zenyewe. Ni zilizobaki. Zile zilizokuwa zinawekwa upande wa pili wa santuri, na za majaribio, na ambazo hazikuchaguliwa. Wamezikusanya wakazitia humu."

"Yaani makombo," nikasema mimi.

Mani akanigeukia. "Ndeshi, maganda ya ndizi anakula nani?"

"Ng'ombe."

"Na maziwa anakunywa nani?"

"Mimi."

"Basi kaa kimya usikilize."

Mungu wangu, zile kelele! Gitaa lilikuwa kama mtu anakata bati kwa msumeno, ngoma zinakimbia mbele, na mwimbaji haimbi, anafoka. Nilidhani kuna mtu anaonewa. Mama alipoisikia nyumbani mara ya kwanza aliacha kumenya ndizi akauliza, "Huyu anapigwa na nani, na majirani zake wako wapi?" Lakini Mani alikaa na kichwa kwenye spika, macho ameyafumba, anatabasamu. Alikuwa mtu wa kwaya, ana sauti nzuri tu, na hakuna aliyeelewa amepata nini humo. Mimi alinieleza, kwa vile mtoto unaweza kumwambia. "Hawa walikaa nje ya mlango, Ndeshi. Hawakuitwa. Wakaimba hapo hapo nje."

Hatukuwahi kuzisikia zile nyimbo zao kubwa zilizowapa jina. Tulianza na mabaki tukamalizia na mabaki, na kwetu ndiyo ilikuwa bendi nzima. Na kwa kuwa hatukuwa na cha kulinganisha, tuliamini kila kilichokuwamo kwenye kanda ni wimbo. Upande wa pili kulikuwa na mmoja, hata jina lake sikujua, ulioanza kwa gitaa, halafu gitaa likakatika ghafla. Mtu anakohoa, koh-koh. Mwingine anacheka. Kimya kidogo. Halafu mtu anahesabu kwa Kiingereza, na wote wanalipuka pamoja. Leo najua lilikuwa jaribio lililoharibika, wakaliacha hivyo hivyo. Sisi tuliona ni utunzi. Mani na Jit waliufanyia mazoezi ule wimbo kikohozi kwa kikohozi: Jit anakata gitaa, Mani anakohoa mara mbili, Jit anacheka kicheko kilekile, na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya tairi, nilipewa kuhesabu. Moja, mbili, tatu! Hakuna kazi niliyowahi kupewa tena iliyonitia fahari kama hiyo, na nina cheti cha chuo ukutani.

Masika yakaja, mlima ukawa wa mvua na matope, na Mani akaendelea kupanda. Akishuka alikuwa anakohoa.

Mnaelewa nilivyoelewa mimi. Asubuhi yuko kwenye migomba anakata majani, nasikia koh-koh, nami kutoka jikoni napaza sauti, "Moja, mbili, tatu!" Naye, hata kama ameinama ameshika kifua, alikuwa anainuka na kupiga gitaa la mdomo, jaa-jaa-jaa, mpaka mbuzi wanashtuka. Mama alimwangalia.

"Mani, hicho kifua sikipendi."

"Ni wimbo, mama. Muulize Ndeshi."

"Ni wimbo, mama," nikasema, kwa uhakika wote wa mtu anayeijua kanda nzima.

Miaka mingi baadaye Jit ndiye aliyeniambia lile lingine. Pale getini wapagazi walikuwa wanasimama mstari asubuhi, na kiongozi wa safari anapita akichagua. Anayekohoa haitwi. Kwa hiyo Mani alikuwa anakibana kikohozi chake getini, anakibana kambini, anakuja kukiachia nyumbani na gereji, mahali ambapo kilikuwa na jina la wimbo. Alijificha mchana kweupe, mbele yetu sote, na tulikuwa tunampigia makofi.

Krismasi ile watu wote walipanda kuja nyumbani, kama ilivyo desturi. Magari ya Dar, magari ya Arusha, shangazi wenye mawigi mapya, barabara yote inanuka nyama ya kuchoma. Ndipo baba akachagua siku ya kumkabidhi Aminieli sehemu yake ya kihamba. Mbuzi wakachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaiva, wazee wa ukoo wakaja na fimbo zao. Baba akatembea mbele na jembe na fungu la masale, ile miche ya majani marefu ya kijani tunayopandia mipaka, na kwenye kila pembe akapanda sale, mzee mmoja anamwagia mbege kidogo, wote wanasema ndiyo. Nilikuwa nimeshika sketi ya mama. Hapo ndipo nilipojifunza, na nilijifunza sawasawa: pembe nne, masale manne, ardhi imekuwa yako. Halafu baba akamchukua Godlisten kutoka mgongoni kwa shangazi, akamwinua juu. "Na huyu atabaki na mimi ndani." Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Mani alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa baba, amebeba sufuria la kiburu, ndizi na maharage. Hakutajwa. Si kwa ubaya, nadhani. Hakukuwa na sentensi ya kumtaja.

Jit alikuwa ameombwa aje na spika kwa ajili ya muziki wa sherehe. Baada ya chakula Mani akashika kipaza sauti, Jit gitaa, na watu wakakaa vizuri wakitegemea pambio. Kikaja kile kipigo cha kwenye kanda, kigumu, cha msumeno, lakini maneno yalikuwa ya Mani mwenyewe, na aliyaimba kwa Kichagga ili asiwepo wa kujifanya hakuelewa. Wa kwanza kapewa mgomba. Wa mwisho kapewa mlango. Wa katikati akichoka mtamlaza wapi? Alilirudia hilo la mwisho, analifoka, mishipa imemsimama shingoni. Baba, siku nikilala, mtanilaza wapi?

Halafu akakohoa. Na mimi, kwa kuwa niliujua wimbo kuliko mtu yeyote pale uwanjani, nikaona amekosea. Gitaa lilikuwa bado halijakatika. Nikapiga kelele, "Kaka, umewahi! Bado!" Watoto wenzangu wakacheka. Mani aliniangalia juu ya kiganja alichozibia mdomo, akaendelea kukohoa, mara mbili, mara tano, sikuweza hata kupata nafasi ya kuhesabu. Jit akaacha kupiga. Mani alipoondoa mkono aliufuta haraka kwenye suruali nyeusi.

Baba alikuwa ameshainuka. Hakuona kikohozi, naapa hakukiona. Yeye alikuwa bado yupo kwenye yale maneno. Kwetu mtu haongei kuhusu kaburi lake kwenye sherehe, ni kuliita. Akaweka kata ya mbege chini.

"Mtu anayejichimbia kaburi kwa mdomo, kwenye siku ya ndugu yake, akalale huko anakokujua mwenyewe. Ondoka hapa. Usirudi mpaka uje na sale mkononi."

Maana sale si mpaka tu. Ukimkosea mtu, unakata jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea, na akiliona hawezi kukukatalia msamaha. Hata aliyeua ndugu yako akija nalo, unakaa naye chini. Baba alikuwa anamfungulia mlango, kwa namna yake ngumu.

Mani akasema, bila kipaza sauti, "Aliyekosewa halipeleki sale, baba. Analetewa." Akabeba waya wake akateremka na Jit.

Basi ikawa hivyo. Baba anamsubiri Mani na jani, Mani anamsubiri baba na jani, na masale yamejaa kila mpaka, yanamwagika njiani, mbuzi wanayapita tu. Naweza kusema walikuwa na kiburi, na nimesema sana nilipokuwa kijana. Siku hizi nasema walikuwa wanafuata desturi, wote wawili, kila mmoja na kipande chake. Hasira zangu kwa desturi hiyo hazijaisha.

Kanda ilibaki kwetu, Mani aliisahau kwenye radio. Baba aliikuta, akaitoa akaiweka kando asikilize taarifa ya habari, halafu, na hili nililiona kwa macho yangu, akairudisha humo humo akafunga kimlango. Mama alikuwa anashuka sokoni Jumamosi na ndizi, anarudi bila kusema kitu. Nikimuuliza habari za Mani anasema, "Yupo." Jumamosi moja alirudi na ndizi zote, hata mkungu mmoja hakuuza. Hakula. Jioni, jua bado lipo, alitoka mpaka mpakani, akakata jani la sale, akalifunga fundo, akaliweka mezani mbele ya baba juu ya gazeti.

"Ni nini hiki, Mama Aminieli?"

"Unakiona."

"Kamtume mwanao alilete mwenyewe."

"Hawezi kupanda mlima, Baba Aminieli. Hata ngazi za kanisa hawezi. Mapafu yameliwa, daktari kasema amechelewa kwenda." Alisema taratibu, kama anayetaja bei. "Kata shauri. Ulipeleke, au tukalisikie jina lake kwenye hiyo radio yako, makaburi ya mjini."

Baba akasema, "Tangu lini mzazi akampelekea mtoto sale?"

Mama akachukua ndoo. Akaenda kukamua ng'ombe.

Asubuhi jani halikuwa mezani, na koti la kanisani halikuwa msumarini. Mchana ikaja pikapu ya kukodi inanguruma kwenye tope, baba amekaa nyuma kwenye bodi, amempakata Mani begani kama tulivyokuwa tunampakata Godlisten. Mani alikuwa amekuwa mdogo. Mkononi ameshika lile jani. Sikuambiwa walisemezana nini huko Soweto, na baba hakuwahi kusema mpaka anakufa. Jit, aliyekuwapo, aliniambia baba alisimama mlangoni mwa chumba, akavua kofia, akanyoosha mkono wenye sale, na machozi yakamtoka kabla neno halijamtoka.

Wakamweka Mani kwenye kochi barazani, penye jua, na radio kaseti pembeni yake kwa amri ya baba mwenyewe. Betri mpya. Mani alisikiliza upande wa pili mchana kutwa kwa sauti ndogo, na baba alikuwa anapita na jembe, anapita na ndoo, hasemi, ila siku moja nilimsikia anaguna kile kipigo cha gitaa kwa besi yake ya kwaya. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Kaka amerudi, muziki upo, baba hagombi. Akikohoa nilihesabu. Mwanzoni alijaribu lile gitaa la mdomo. Baadaye aliinua kidole kimoja tu. Siku moja nilihesabu na hakukuwa na kitu, akaniambia, "Bendi imechoka, Ndeshi. Hesabu polepole."

Halafu nikamwona baba yuko upande wa chini wa nyumba, kati ya kahawa na mfereji, anang'oa mibuni. Mibuni yenye kuzaa! Mtu ambaye alitutandika kwa kuvunja kitawi. Aling'oa, akasawazisha udongo, akaenda mpakani akarudi na masale. Akapanda moja pembeni. La pili. La tatu. La nne. Hakuita wazee, hakumwaga mbege, alikuwa peke yake na shati limelowa mgongoni. Lakini nilijua ninachokiona, nilikiona siku ya Krismasi. Nikapanda mbio mpaka barazani, pumzi hakuna.

"Kaka! Kaka Mani! Baba amekupa kiwanja! Ameweka masale pembe zote nne!"

Mani akageuza kichwa. Kutoka kwenye kochi pale chini panaonekana vizuri; alikuwa akimwangalia baba tangu asubuhi.

"Nimeona," akasema.

"Ila ni kidogo," nikasema, maana lazima niwe mkweli. "Cha Aminieli ni kikubwa. Nyumba gani itaenea pale?"

Akacheka, na kucheka kukamkohoza, na alipotulia akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Kidogo hivyo hivyo," akasema. "Kinanitosha."

Nilikwenda kumwambia mama habari njema, naye akaingia ndani akafunga mlango.

Alifariki kwenye kochi hilo hilo, asubuhi, chai yake haijapoa. Jioni baba alikaa na radio magotini. Alikuwa ameshuka mjini mwenyewe kupeleka tangazo. Tulikaa wote, Aminieli, mama, shangazi, majirani waliojaa mpaka uani, na mtangazaji akasoma kwa ile sauti yao isiyo na mtu. Jina la Mani, zima, Eliamani. Ukoo. Ndugu wa Dar na Arusha wapate habari hizi. Nikamwangalia baba, maana nilijua ni wapi anasikilizia. Mazishi yatafanyika kesho, nyumbani kwa marehemu, Machame.

Nyumbani kwa marehemu. Haikusemwa nyumbani kwa baba yake. Mzee mmoja wa ukoo akageuka kumtazama baba, na baba akamtazama mpaka yule mzee akainamisha macho. Halafu akatikisa kichwa, vile vile alivyotikisa kwa watu wengine wote. Akazima radio, kanda ikiwa bado ndani. Sikuiona tena mpaka juzi darini.

Kesho yake wanaume waliteremka na majembe, wakaingia katikati ya masale manne, wakaanza kuchimba. Nilikuwa nimesimama na kikombe. Nililia nikiwaambia wanaharibu kiwanja cha kaka. Mama alinikumbatia akaniacha nilie, na hakunisahihisha.

Juzi, baada ya kushuka na ile radio, nilikwenda kukaa pale. Masale yamekuwa marefu kunizidi. Godlisten amechora njia ya gari kwenda kwenye nyumba yake mpya na njia imepinda, na fundi alipouliza kwa nini hainyooki akamwambia hapo ni kwa Mani, panazungukwa. Nikatoa simu. Siku hizi kila kitu kimo humo, hata wale vijana wanne wa kwenye ngazi. Nikautafuta ule wimbo, na ukaja wenyewe hasa, ule uliochaguliwa, ambao sikuwahi kuusikia maisha yangu yote. Ni safi. Gitaa halikatiki. Hakuna anayekohoa, hakuna anayecheka; wanapita pale mahali moja kwa moja kana kwamba hapakuwa na mtu.

Nikaurudisha mwanzo. Godlisten akaja akiwa na funguo za gari mkononi, kitambi mbele, akasimama nyuma yangu.

"Dada, hizi kelele gani?"

"Ngoja," nikasema. Ulipofika pale mahali, nikausimamisha wimbo kwa kidole, nikakohoa mara mbili.

"Kifua hicho? Umepima?"

"Ni wimbo," nikamwambia. "Hesabu mpaka tatu."

Akaniangalia, akaangalia masale, akaziweka funguo mfukoni. Akahesabu.